Ndoo ya Letusi Sebuleni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Letusi zimekubali! Mabomba ya plastiki yamejaa miche, ukutani sebuleni, bila chembe ya udongo. Mtaa wetu wa Igoma mzima hakuna kitu kama hiki. Mke wangu Celestina hana habari. Anasema mama yake anakuja Ijumaa kutoka Muleba, na kama mpaka mama anaondoka hakuna jani la kupeleka sokoni, mabomba yanatoka na mimi nakwenda kufanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake, Florian. Mimi! Kupima misumari! Nimemwambia asubiri aone.

Mbolea ya maji nimeipata Buzuruga, pakiti mbili. Muuzaji alisisitiza kila pakiti iyeyushwe kwenye chombo chake, zikutane tu ndani ya maji mengi. Janja ya kuuza vyombo hiyo. Nimeziyeyusha pamoja.

Jumanne, 10 Juni

Chini ya chombo kumetuama kitu cheupe kama chokaa. Nimefurahi sana. Ndiyo nguvu yenyewe, imejitenga. Nimetikisa, nikamimina yote kwenye ndoo kubwa nyeupe ya dirishani inayolisha mabomba, nikaongeza juu na pakiti nyingine niliyonunua leo kwa sababu Ijumaa iko karibu.

Masele, jirani, amechungulia. Huyu analima mchicha kwenye matope nyuma ya bafu letu la uani, eti mkulima. Akasema ndoo nyeupe juani itaota ukijani, niifunike na kitu cheusi. Wazo hilo nilikuwa nalo tangu asubuhi. Sasa siwezi kuifunika, ataringa.

Alhamisi, 12 Juni

Maji yameanza kuwa ya kijani. Celestina anasema yananuka vyura. Nimemweleza kwamba mmea wa kijani unataka maji ya kijani. Akasema tu kwamba mama atalala sebuleni, kwa hiyo ndoo itoke.

Nimehamishia maji yangu kwenye dumu la njano, nikaliweka koridoni pamoja na madumu ya maji ya nyumbani. Letusi nitazinywesha kwa kikombe. Celestina akataka niandike kitu kwenye dumu. Nimekataa. Masele anajua kusoma.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa! Mama mkwe amefika. Nimemwamkia nikiwa nyuma ya mlango, kama nilivyolelewa. Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe, wala hamwambii neno la moja kwa moja. Bomba la mtaa limekauka tangu alfajiri. Na ziwa lote lile liko hapo chini! Celestina akaenda Kirumba kutafuta samaki. Mama akataka kuoga baada ya safari. Akachukua dumu. Langu!

Nimeona kwa macho yangu kupitia ufa wa mlango. Kumwita siwezi. Kusogelea bafu ndiyo kabisa. Gladness, mke wa Masele, alikuwa uani anachambua mchele. Ningemtuma yeye, lakini ningelazimika kusema kuna nini ndani ya dumu, na Masele angejua siri yote. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Mwisho nikaimba, sauti ya kanisani, maneno yangu mwenyewe: mama weka dumu chini, maji hayo ni ya mboga.

Mama akaitikia. Kwa sauti ya pili! Tukaimba mpaka dumu likaisha.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe anajikuna, lakini ana furaha. Amemwambia Celestina kwamba amepata mume mcha Mungu, na amchemshie mchaichai kwa kile kikohozi. Celestina akalitazama dumu tupu, kisha akanitazama mimi. Nimejisikia vibaya kidogo. Letusi zimeungua ncha, na mbolea ya kuongeza hakuna.

Alhamisi, 19 Juni

Mama ameondoka leo. Letusi zimebaki chache, zimelala. Mabomba yalikuwa yanatoka, Florian ameshanitafutia koti la dukani. Lakini mama alimsihi binti yake anipe wiki moja zaidi, mtu anayesali vile hawezi kutupwa. Nimenusurika! Nimepata na mbolea mpya.

Ila mchicha wa Masele! Maji ya bafuni yanapita kwake. Majani yamekuwa mapana kama sahani. Masele mwenyewe haelewi, anazunguka tu anayashika. Roho imeniuma.

Celestina anasema jambo liko wazi. Mbolea yangu ilikuwa kali mno, ikapoa kwa maji mengine ya bafuni, ikaingia ardhini kusiko na jua. Basi nitenganishe pakiti, nitie kidogo, nifunike ndoo.

Maneno ya mtu asiye mtaalamu. Mimi nimekaa nimefikiri. Letusi zangu zilikunywa maji yaleyale, zikaungua. Mchicha umeyanywa, umestawi. Tofauti ni moja tu. Mama alioga na sabuni.

Nimekata nusu mche wa sabuni, nimetia kwenye ndoo pamoja na pakiti zote. Povu linapanda vizuri. Sijaifunika. Masele alikuwa anatazama.