Listi ya Miti, Kashojwa

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimetoka Mbarara! Mkubwa wa shirika la miti ametuita wawili: mimi, na Mama Pélagie muuza maharage. Kambi yetu ya wakimbizi, Kashojwa, inataka mhamasishaji mmoja. Ijumaa, atakayeleta watu wengi zaidi kupanda miti kando ya ziwa, kazi ni yake. Pélagie! Hata neno "bayoanuwai" hawezi kulitamka. Nimemwambia mke wangu Viviane aache kulima mashamba ya watu. Kazi hii ni yangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimehutubia sokoni saa nzima. Bayoanuwai, mfumo ikolojia, ukanda wa hifadhi. Niliposema "hifadhi" tu, watu wakakunja mikeka. Mzee Musoni akaniambia kwao kijijini neno hilo lilikuja na askari wa kuwafukuza, na yeye hana fasi nyingine ya kukimbilia. Pélagie aliwaambia tu kina mama kwamba kuni ziko mbali, tupande zetu. Eti kuni! Maneno ya jikoni. Nilimhurumia.

Jumatano, 12 Machi

Akili ni mali! Neno "miti" silitaji tena. Nimepita nyumba kwa nyumba: Ijumaa watu wa Mbarara wanaleta listi, kila familia itaandikwa. Uongo uko wapi? Wapandaji lazima waandikwe! Watu wamenishukuru kwa machozi. Jirani yetu Gad amenipa kuku. Tumemla.

Ijumaa, 14 Machi

Mia tatu walikuja! Suti, viatu vya ibada, masanduku, foto za pasipoti. Kumbe hapa kambini listi ni moja tu, ya kupelekwa ng'ambo. Papa Déo ameshauza mbuzi wake wote. Wakaniuliza ndege inaondoka saa ngapi. Mkubwa akainua jembe. Miti tu, akasema. Nikajitetea kwamba Kanada sikuitaja. Gad akadai kuku wake. Nikakimbia, nikakanyaga miche kama hamsini. Pélagie alileta kina mama ishirini na wawili, wakapanda mpaka adhuhuri. Kazi amepewa yeye. Na wa tatu kwenye mstari, jembe begani, alikuwa Viviane wangu!

Jumamosi, 15 Machi

Viviane amerudi kulima kwa watu. Kwa Papa Déo siwezi kupita, aibu imenishika kwelikweli.

Lakini kosa nimeliona: "listi" ni neno zito mno. Wiki ijayo shirika jingine linaleta majiko ya kupunguza kuni, nao wanatafuta mhamasishaji. Mimi nitasema "intavyuu" tu. Neno la heshima, halina ndege ndani yake. Nimeanza na nyumba ya Eliezeri. Amelia kwa furaha, maskini, akaanza kutafuta foto za pasipoti.