Kupona kwa Mapema

Tunayo furaha kuutangazia umma wa Kitwe na migodi yake kwamba Mfuko wa Majeruhi wa Kazini, ambao mimi, Chisanga Lupupa, ndiye Mkurugenzi wake wa Uponaji, ni imara kama nguzo. Huu ni mwaka wa tatu haujatoa hata kwacha moja.

Siri yetu ni ndogo. Wataalamu wanakubaliana kwamba majeruhi akisaidiwa mapema hupona upesi na hagharimu sana. Wenzangu waliposikia hayo mkutanoni walipiga makofi wakaenda kula. Mimi nikajiuliza: mapema kiasi gani? Tangu hapo kila mchimbaji, siku yake ya kwanza kazini, hupewa buti, kofia na Cheti cha Kupona. Anatia dole gumba, mambo kwisha. Cheti namba moja nilijipa mwenyewe kwa ngoma na vifijo, maana kiongozi huonyesha njia.

Wakorofi hawakosi. Kapembwa, mchimbaji, aliangukiwa na jiwe gotini, akaja kuomba matibabu na mazoezi ya mguu ili arudi shimoni kabla nafasi yake haijachukuliwa. Mama Kasuba, karani wetu asiye na mchezo na faili, akalifungua lake. Nikamweleza Kapembwa kwa upole kwamba alipona miaka miwili kabla ya kuumia, jambo ambalo hata hospitali kubwa hazijaliweza.

"Lakini mkubwa, mguu haukanyagi."

"Hiyo ni hiari yako. Na usipofika kazini kesho, ni utoro."

Akatoka akichechemea, ukaidi mtupu.

Ijumaa tukasherehekea uimara wa Mfuko. Nilikuwa jukwaani nikieleza uendelevu, nikarudi nyuma hatua moja ili nipigwe picha vizuri. Jukwaa halikuwa na hatua hiyo. Mguu ukalia ka!

Wakanibeba hadi zahanati ya Mfuko. Mama Kasuba akaja na faili langu, akavaa miwani, akamsomea mganga.

"Huyu hana jeraha. Alishapona. Cheti namba moja, sahihi yake mwenyewe."

Nikamwambia aache utani, mimi natazama Chingola na unyayo wangu unatazama Ndola, huko nyuma. Nikaamuru kanuni ifutwe papo hapo. Akasema kanuni hufutwa kwa barua ya Mkurugenzi, iandikwe ofisini kwake, ghorofa ya tatu, saa za kazi.

"Na Jumatatu usipofika, mkubwa, ni utoro."

Wakanikalisha kwenye benchi la nje. Kapembwa alikuwepo, huja kila siku. Akasogea, akauweka katikati yetu mkongojo aliojichongea.

"Pole, mkubwa," akasema. "Mguu uliopona ndio unaouma zaidi."

Nilitaka kumkaripia, ila unauma kweli, jamani. Jumatatu tunapanda ghorofa tatu: mkongojo mmoja, watu wawili tuliopona.