Wufa Mbili kwa Gari ya Bwana Harusi

Jumanne, 5 Desemba 2006

Nimepata kazi! Kazi yenyewe! Viraj wa Parklands anataka nifunge muziki kwa Corolla ya babake, Mzee Chunilal. Jumamosi gari hiyo inambeba kaka ya Viraj, Neel, akienda kuoa, ukoo wote ukicheza nyuma. Nikitingisha mtaa, gari za mabinamu zote ni zangu kufunga. Nisipotingisha, Mjomba Muthama ananingoja kichinjioni Dagoretti nioshe matumbo.

Mzee hajui tunatoboa gari yake. Viraj ati atamwambia baadaye.

Jumatano, 6 Desemba

River Road, kibandani kwangu. Amplifaya moja, wufa mbili, zile spika kubwa za besi. Ogutu, fundi wa kibanda jirani, akachungulia bila kualikwa. Ati vile nimeunganisha, ohm, ule ukinzani wa umeme, zinashuka kutoka nne hadi mbili, na amplifaya imeandikwa isishuke chini ya nne. Itabebeshwa mzigo hadi iungue. Ati nipange wufa zifuatane, sauti ipungue kidogo lakini gari ifike. Akanipea mita nipime. Nikamwambia mimi napima na masikio. Akasema basi niuze hizo masikio ninunue mita.

Wivu! Hajawahi kuitwa Parklands.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimewasha. Dum! Vioo vya daktari wa meno ghorofani vikalia. Halafu kimya. Taa nyekundu ya amplifaya ikawaka. Nikangoja ipoe. Dum! Nyekundu tena, na fyuzi ikakatika.

Nikafikiria. Fyuzi ndio inabana nguvu! Nimeitoa, nikaweka kipande ya waya. Taa nyekundu nimeibandika tepu nyeusi, Viraj asiogope bure.

Buti ya gari inanuka. Nimenyunyiza marashi. Ogutu akipita ameuliza nani anachoma slipas za waridi.

Jumamosi, 9 Desemba

Naandika na mkono wa kushoto. Ule mwingine uko kwa bandeji.

Wimbo wa kwanza, Parklands ikatingika! Mashangazi wanacheza, Viraj kwa usukani ananipigia saluti, Neel nyuma na kilemba yake. Wimbo wa pili, moshi mwembamba kwa buti. Shangazi mmoja akapiga makofi, ati hiyo ya moshi tumefikiria vizuri. Nikatabasamu.

Moshi ukawa mweusi. Gari ikazima, Viraj akaruka nje. Milango ya nyuma ikagoma kufunguka na bwana harusi ako ndani! Anagonga kioo na ile nazi bwana harusi wao hubeba mkononi, macho yametoka. Mimi mbio kwa boneti, nikang'oa waya ya betri na mkono mtupu. Ngozi ilibaki pale. Mzee Chunilal akavunja kioo na fimbo, wakamvuta Neel akikohoa. Halafu Mzee akamwaga ndoo nzima ya maji kwa buti.

Akauliza polepole nani alitoboa gari yake. Viraj, rafiki yangu, akaninyooshea kidole.

Neel alienda kuoa kwa miguu. Mimi, Mzee akasema, nisionekane tena Parklands, hata kwa ndoto ya mtu.

Jumatatu, 11 Desemba

Naosha matumbo tangu asubuhi, mkono moja. Lakini akili inafanya kazi.

Amplifaya haikuwa na makosa. Ilikuwa inapata joto tu, ingezoea. Kilichoiua ni maji ya Mzee!

Mama Nzembi, yule wa kubeba nyama na pikapu, analia redio ya hiyo pikapu haisikiki. Nimemwambia pole mama, umekutana na mafundi waoga. Kesho naanza. Wufa nne. Amplifaya ni ile ile, nimeianika kwa mabati.