Hema Moja na Baba Mkwe

Alhamisi, 14 Agosti 2025. Isiolo, nyumba ya wageni.

Tumetoka Kisii kukiwa na giza na mvua, kama kawaida ya Kisii. Sasa tuko Isiolo. Koo limekauka, mpango umeiva.

Mzee Ogoti, mwalimu mstaafu wa Nyaramba, alifundisha jangwani Kalacha akiwa kijana. Ameomba apaone tena kabla macho hayajamwisha. Binti yake Mokeira, mwenye duka la vitabu mkabala na duka langu la simu, ndiye aliyepanga safari. Jirani yetu Dahir, muuza vitambaa, ametoa gari, maana ana wajomba Marsabit na njia anaijua. Mimi nimejipachika. Nilisema nina hema kubwa. Sikuwa na hema! Nimeazima.

Mokeira msimamo wake ni mmoja: haolewi na mtu ambaye baba yake hajamkubali. Haya. Nitakuwa na baba mtu jangwani, bila majirani, bila mtandao. Nikirudi Kisii bila kibali chake, mimi si Thadeus.

Doa ni moja tu. Jasper. Karani wa chai kutoka Nyacheki, anaimba besi kwaya moja na Mokeira. Eti amekuja kusaidia kubeba mizigo. Mchana kutwa ameketi nyuma ya gari, hajamsemesha Mzee hata neno. Bubu! Namwonea huruma kidogo.

Ijumaa, 15 Agosti 2025. Kalacha, jangwa la Chalbi.

Lo! Sikujua dunia ina nafasi kiasi hiki. Kwetu ukinyoosha mkono unagusa mgomba wa jirani. Hapa unanyoosha mkono na hakuna kitu mpaka Ethiopia.

Tumepiga kambi penye mikoma, karibu na chemchemi. Hema dogo la Mokeira. Hema langu kubwa la wanaume. Mzee akalitazama, akasema yeye atalala nje. Nilijua kwa nini. Kwetu kuna ensoni, heshima iliyochanganyika na haya: mzee halali mahali pamoja na vijana wa rika la wanawe, na baba mkwe na mkwe ndio kabisa, hawaoneani hata blanketi. Sasa nitamlainishaje mtu aliye nje na mimi niko ndani?

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Nikakumbuka bibi yangu mzaa baba alizaliwa Nyaramba. Nikamuuliza Mzee kuhusu ukoo wake. Ni ule ule! Basi yeye ni kama kaka wa bibi, yaani babu yangu, na babu na mjukuu hawana ensoni. Nikamwita "Sokoro!" Babu! Mzee akanikumbatia, akaniuliza nimeoa wake wangapi, akaniita mvivu. Utani umefunguka. Akaingiza kitanda chake hemani, kando ya changu.

Jasper alipoona hivyo akachukua shuka lake, akaenda kulala juu ya paa la gari. Ameshindwa mapema.

Jumamosi, 16 Agosti 2025. Kalacha.

Ushindi juu ya ushindi. Mzee ananipenda! Amevua shati mbele yangu. Amenipa sabuni nimsugue mgongo. Jasper alikuwa anakuja na ndoo ya maji, akaona povu, akageuka akakimbia mpaka akapoteza kandambili. Adabu gani hiyo, kumkimbia mzee anayeoga? Nilimsugua kwa nguvu zaidi ili Mokeira aone tofauti.

Dahir alinivuta kando jioni. Amezaliwa Kisii, lugha yetu ya Ekegusii anaiongea safi kuliko mimi. Akaniuliza: "Thadeo, kama Mzee ni babu yako, Mokeira ni nani wako?" Nikamwambia ukoo ni ngazi, mtu hupandia tu, akifika juu anaiacha. Akasema ngazi nyingine ukipanda zinakuingiza shimoni. Nikamwambia ngazi haiingii shimoni. Akasema inaingia, muulize mchimba kisima. Dahir huwa anaona wivu.

Jumapili, 17 Agosti 2025. Kalacha.

Siku ndefu, tamu, halafu chungu. Niandike kwa utaratibu.

Hakuna kanisa, hakuna pa kuwahi. Mokeira alitandika mkeka chini ya mikoma, akaanzisha wimbo. Jasper akaweka besi kutoka upande wa pili wa gari, asije akakaa uso kwa uso na Mzee. Wimbo una gari katikati! Lakini ulikuwa mzuri, nakiri. Mzee akasoma zaburi kwa moyo. Dahir akapika chai, majani ya Nyacheki na maziwa ya ngamia. Ina moshi na chumvi kwa mbali. Nilikunywa mpaka nikalegea.

Mchana hakuna aliyefanya lolote. Upepo ulikuwa unavuma na kutulia, unavuma na kutulia. Nilijilaza karibu na miguu ya Mzee nikitazama jangwa jeupe, na mazigazi yakaanza. Kwanza ziwa. Ziwa likaota miti. Kisha nikaona kabisa, kwa macho haya, nyumba ya mabati mekundu, migomba nyuma yake, mvua ya saa nane ikikaribia, na Mokeira mlangoni akinigombeza nimeingia na matope. Nilitamani hayo matope. Ngamia wakapita katikati ya sebule yangu bila haraka, na nyumba ikapotea.

Mzee naye alikuwa anaona ya kwake. Akaanza kusimulia polepole, kama mtu anayeongea na mtoto anayesinzia. Alisema zamani hapa alituma salamu nyumbani kwamba ana hamu ya ndizi. Mkewe Gesare, marehemu sasa, akakata mkungu mzima Nyaramba, akaupandisha basi. Basi likaukabidhi lori la mahindi. Lori likaharibika njiani. Mkungu ulipomfikia ulikuwa umeoza, umekuwa uji mweusi wenye nyuki. Akaula. Kwa kijiko, chini ya mikoma hii hii, akilia, hata mwalimu mwenzake akadhani amefiwa. Alisema hajawahi kula kitu kitamu namna ile.

Mokeira akaja akamshika baba yake bega. Nami nikamkumbuka bibi yangu, alivyokuwa akinichomea ndizi jivuni asubuhi, anaipuliza, anaionja kwanza isije ikaniunguza. Nilikaribia kulia. Kwa muda nikausahau mpango, nikawa mjukuu mtupu, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha Mokeira akaondoka kwenda kuchota maji, na mpango ukanirudia. Nikakohoa. Nikasema, Mzee, nina neno. Mzee akasema hata yeye analo, na kwamba anamshukuru Mungu kumpa mjukuu safarini, maana kuna mambo mtu hawezi kumwambia mwanawe wala mkwe wake.

Mkwe? Nikakaa wima.

Akasema yule kijana ameshaposa, naye amemkubali. Nikasema Jasper hajafungua mdomo tangu Kisii! Mzee akacheka. "Mjukuu wangu, ameniambia tangu Isiolo. Kila akinipisha njia ananiambia. Amelala juu ya gari kwa baridi, asione blanketi yangu. Anataka kusema nini tena?" Akaniomba niwe esigani, mshenga wa kati. Nimpelekee Jasper habari kwamba wazee wake waje.

Nikajaribu kujiokoa. Nikasema labda yuko kijana mwingine, wa karibu, mwenye duka la simu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akamwita Mokeira arudi upesi asikie mjukuu anavyomtania shangazi yake.

Mokeira akaja na ndoo yake. Hakucheka. Alinitazama kidogo, kama anayesubiri niseme kwamba si utani. Nikacheka mimi, kwanza, kwa sauti kubwa. Kwa nini nilicheka? Sijui mpaka sasa. Basi naye akatabasamu, akasema, "Haya, mtoto wa kaka yangu, njoo unishikie ndoo."

Niliumia. Nilishika ndoo. Jua lilitua jekundu, pana, kila mtu akasema ni zuri. Nilikubali kwamba ni zuri.

Jumatatu, 18 Agosti 2025. Laisamis, njiani.

Nimeamka na mpango mpya! Esigani ndiye anayebeba maneno. Anayebeba maneno anaweza kuyaongezea uzito. Tuliposimama kununua maji, nikamwita Jasper, nikakunja uso. Nikamwambia Mzee ni mkali sana. Wazee wake lazima wafike Nyaramba Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, wakichelewa hata siku moja, basi. Najua ukoo wa Jasper. Kukubaliana tu nani atangulie kuketi huwachukua mwaka.

Jasper akanishika mikono yote miwili. Machozi yakamlengalenga. Akasema alikuwa anaogopa mambo yatachukua hata miaka, kumbe Mzee mwenyewe anaharakisha! Akapiga simu pale pale. Wajomba, baba wadogo, wote wakakubali. Huu mtandao wa simu, siku zote haushiki, leo umeshika.

Dahir aliniuliza mbona nimeketi peke yangu juani. Nikamwambia naota jua. Akaniletea chai, akakaa kando yangu. Si mtu mbaya sana.

Jumamosi, 30 Agosti 2025. Nyaramba.

Wazee wa Jasper wamekuja, wamefika hata kabla ya wakati. Mvua ilinyesha saa nane. Nilipewa kiti cha mbele kwa kuwa mimi ndiye esigani bora kuwahi kuonekana Nyamira, mambo kuisha ndani ya majuma mawili. Mokeira alivaa kijani. Alinipakulia nyama kwa mkono wake, akaniwekea mnofu, akasema asante. Nilikula kila kitu. Usiniulize kilikuwa na ladha gani.

Lakini shajara, si wa kukata tamaa mimi. Nimekaa nikatafakari kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata: nilianza na baba. Ilifaa nianze na mama!

Kwenye sherehe kulikuwa na mdogo wake Mzee kutoka Marani, pamoja na mkewe na binti yao Maureen, mwalimu wa chekechea. Ana vishimo mashavuni. Sikupoteza wakati. Nilimwendea mama yake moja kwa moja jikoni, nikajitambulisha kwa ukoo wote wa bibi yangu, nikamsaidia kumenya ndizi. Mama yule alifurahi kupita kiasi! Alinishika mashavu mbele ya wanawake wote, akaniita "mume wangu," kama alivyokuwa akiniita bibi yangu, akasema atanipikia yeye mpaka nizeeke. Jiko zima likacheka, Maureen akacheka kuliko wote.

Mama mwenyewe akishakupenda hivyo, binti atapinga nini? Kesho naenda Marani.