Kadi ya Picha Inayopona Nikiitazama

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka nyumba ya kona yenye geti la kijani. Natumaini wewe, familia yako na mitambo yenu ya kuchapa hamjambo. Sisi hapa tuko wazima wawili na mgonjwa mmoja. Mgonjwa ni kompyuta.

Kwanza nijitambulishe, maana mimi mwenyewe sipendi barua za watu wasiojulikana. Ni mkunga mstaafu. Nimefanya kazi miaka thelathini na miwili katika wodi ya wazazi, na robo ya watu wanaopigiana honi katika mji huu niliwapokea kwa mikono yangu hii. Mume wangu ni mchora ramani za nyumba. Zamani alichora kwa penseli na rula, siku hizi anachora kwa kompyuta, katika chumba walichotuachia watoto walipooa na kuolewa. Kazi aliyo nayo sasa ni nyumba ya binti yetu wa mwisho. Msingi umeshachimbwa, waashi wanasubiri, na binti kila Jumapili anapiga simu kuuliza ramani imefika wapi.

Ramani haijafika popote. Huu ni mwezi wa tatu, mume wangu anakaa mbele ya kompyuta nusu saa, anasonya, anaizima, anakwenda kukaa kibarazani. Juma lililopita alitamka kwamba labda aache kuchora kabisa. Ndugu Mhariri, mwanamume huyu anachora tangu nilipomjua. Hata barua yake ya kwanza kwangu ilikuwa na vipimo. Asipochora sijui atakuwa nani, na kwa kweli sitaki kujua. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Ukurasa wenu wa Alhamisi, ule wa "Ujue Mtambo Wako", ndio ulionipa mwanga. Mtaalamu wenu alieleza kwamba ndani ya kompyuta kuna kadi ya picha, kipande kinachotengeneza picha na kuipeleka kwenye kioo, na kwamba kadi hiyo ikianza kufa inatoa dalili. Nilimsomea mume wangu kwa sauti, maana siku hizi anapenda nimsomee. Mistari iliyonyooka inapinda? Akaitikia kwa kichwa. Rangi zinapauka? Akaitikia. Doa jeusi kwenye picha? Akasema lipo, katikati kabisa, na halitoki. Wodini kwetu dalili tatu zilitosha kumwita daktari wa zamu.

Basi nikampeleka mgonjwa kwa fundi wa mtaa wetu, tunayemwita Bisibisi kwa sababu hujawahi kumwona bila bisibisi juu ya sikio. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya yafuatayo, na naomba uyasome moja baada ya jingine bila kuruka.

1. Hakuchukua historia ya mgonjwa. Aliwasha, akatazama kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai, akatangaza kwamba kompyuta ni nzima, haina hata mafua. Hakuuliza imeanza lini, wala inazidi saa ngapi. Nilimweleza kwa upole kwamba dalili zinakuja na kuondoka. Akanijibu eti yeye hawezi kutibu asichokiona. Ndugu Mhariri, katika miaka yote ile sijapata kumwambia mama mjamzito kwamba uchungu wake haupo kwa sababu mimi siuoni. Mwenye maumivu ndiye anayejua. Mume wangu anasema mistari inapinda, basi inapinda, kwisha.

2. Alidharau daftari langu. Niliporudi nyumbani nilimfungulia mgonjwa daftari, nikafuata maelekezo ya ukurasa wenu neno kwa neno, miwani yangu puani. Feni niliisafisha kwa brashi, nikatoa vumbi la kujaza soksi. Joto nilipima mara nne kwa siku, na halikuzidi hata mara moja. Programu inayoendesha kadi niliifuta nikaiweka upya. Waya unaokwenda kwenye kioo nilibadilisha. Halafu nikaazima kioo cha jirani yetu, mwalimu mkuu. Kwa mwalimu mkuu mistari yake imenyooka, wameona watu wote. Kilipofika kwetu mume wangu akakaa mbele yake, na papo hapo ikapinda. Hata mkunga mwanafunzi angejua hapo kwamba kioo hakina kosa. Nilimpelekea Bisibisi kurasa kumi na nne zenye jedwali lililopigwa rula, naye akazifutia mikono. Aliomba radhi, eti alidhani ni karatasi za kufungia vitu. Radhi hiyo sijaipokea mpaka leo.

3. Hakutoa ushirikiano katika uchunguzi. Wakati huo nilikuwa nimegundua jambo ambalo wataalamu wenu hawajaliandika, nalo ni kwamba kadi hii inachagua mtu. Nikiinama mimi, mistari inanyooka kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu. Akirudi mume wangu kwenye kiti, inapinda. Nikaona labda imemzoea. Nikamwomba Bisibisi aje nyumbani, akalie kiti cha mume wangu, avae sweta la mume wangu, na asonye kama mume wangu. Kiti alikalia. Sweta alivaa baada ya kubembelezwa sana. Kusonya alikataa katakata. Matokeo yake kadi haikudanganyika, ikamwonyesha picha safi kabisa, na lawama nampa yeye.

4. Alitufungia kadi mpya ambayo nayo ni mbovu. Nilimbana mpaka akakubali kuibadilisha, huku akinung'unika kwamba anafanya hivyo kwa kuniheshimu tu. Ile ya zamani alikwenda kuifunga kwenye kompyuta ya kinyozi, na nasikia huko inachapa kazi bila wasiwasi. Hii mpya ilitolewa kwenye boksi mbele yangu, ikiwa bado na nailoni yake. Jioni ile ile mume wangu akakaa, akakunja uso, akasema doa liko pale pale. Yaani ya zamani imepona kwa kuhama nyumba yetu, na mpya imeugua kwa kuingia. Nilielewa kwamba hii si hitilafu, ni ugonjwa wa kuambukiza. Nilifunga mlango wa chumba kile na kubandika karatasi kwamba wageni wanaruhusiwa saa kumi hadi saa kumi na moja tu.

5. Alinitukana. Neno hili nimelipima kabla ya kuliandika. Niliirudisha kompyuta dukani kwake nikamweleza habari ya maambukizi. Akaishusha bisibisi sikioni, akanivuta pembeni mbali na wateja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee amepima macho hivi karibuni. Jamani! Mtu aliyeshindwa kutibu sanduku la bati anataka kumtibu mume wangu! Mume wangu huyu akipita barabarani anaweza kukuonyesha ukuta uliokosea kwa upana wa kidole, na mwenye nyumba mwenyewe hajui. Isitoshe, ndani ya nyumba yumo muuguzi. Nimpikie mtu, nimfulie, nilale naye kitanda kimoja, nimsomee na gazeti, halafu awe mgonjwa nisijue? Nilibeba kompyuta yangu nikaondoka bila kuaga, nikaisahau kibodi, na hadi leo sijaifuata.

6. Kwa uzembe wake, ugonjwa umesambaa. Nitataja ya wiki hii peke yake. Fremu ya mlango wa jikoni imepinda, ingawa seremala alikuja na pima maji akasema haina tatizo. Nguzo ya umeme mbele ya geti imepinda. Kidaraja cha kupandia kibarazani kimesogea, maana Jumanne mume wangu alikikosa, akaanguka na kuchubuka goti. Birika letu limeanza kumimina chai nje ya kikombe. Dada yangu alipokuja kutusalimia, alipokewa vizuri sana kwa jina la mke wa mwalimu mkuu. Na gazeti lenu, samahani kwa kukuletea habari mbaya, nalo limeingiliwa. Alhamisi iliyopita safu za ukurasa wa nne zilikuwa zimebonyea katikati, na nahodha wa timu ya mpira alipigwa picha hana kichwa. Mimi nilimwona anacho, lakini nimeshakueleza kwamba mbele yangu ugonjwa huu unajificha.

7. Hili la mwisho sikutaka kuliandika. Ugonjwa umefika usoni kwangu. Juzi mchana tulikuwa mezani tunakula, nikaona mume wangu ananitazama kwa upande, kama kuku anayetazama punje. Nikamuuliza kulikoni. Akasema akinitazama moja kwa moja uso wangu haupo, ni lazima ageuze kichwa kidogo ndipo anipate. Kisha akacheka, akaomba nimsogezee chumvi. Chumvi ilikuwa mbele ya sahani yake. Ndugu Mhariri, nilinyanyuka nikaenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi tayari. Uso wangu haujawahi kuunganishwa na umeme. Ndio nilioolewa nao miaka thelathini na tisa iliyopita, na alikuwa akiuona vizuri tu. Kama kadi moja ya picha inaweza kumfuta mke mezani kwake, basi hakuna mke aliye salama, na ningependa wenzangu wajulishwe mapema.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mambo machache. Gazeti lenu litoe onyo kwa wananchi katika ukurasa wa kwanza. Kadi zote za picha zikusanywe na zitengwe kwa siku arobaini, zikipimwa joto. Bisibisi aende shule akajifunze kumsikiliza mgonjwa, na huko asiende na bisibisi. Ukurasa wa Alhamisi uajiri mkunga, na mimi nina nafasi siku zote isipokuwa Ijumaa. Na zaidi ya hayo yote, mume wangu arudishiwe mistari yake iliyonyooka. Mengine naweza kusamehe, hilo siwezi.

Nisalimie wapanga kurasa, wapiga picha, mchora katuni wenu ambaye ananichekesha, mlinzi wa getini, na mama anayewapikia chai. Mtaalamu wenu wa Alhamisi naye msalimie, ingawa ana maswali ya kunijibu.

Ni mimi, nisiyechoka kumpigania mgonjwa,

Mkunga Mstaafu,
Nyumba ya kona, geti la kijani.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimwita mume wangu atie sahihi kama shahidi. Nilimwekea barua mezani nikampa kalamu. Alitia sahihi nzuri sana, juu ya meza, upana wa kiganja nje ya karatasi, akanirudishia kalamu na kuuliza kama tarehe aweke yeye au niweke mimi.

Nilimziba jicho la kushoto nikamwonyesha vidole, kisha nikamziba la kulia. Uchunguzi wote ulichukua dakika mbili. La kulia katikati hakuna kitu, na la kushoto limeanza. Ndugu Mhariri, alikuwa anajua. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa anajua, akaogopa kulitamka, na kila nilipotoka kwa fundi nikiwa nimefura kwa hasira, alijiambia amepata siku nyingine moja. Nimemgombeza, nimelia, nimemgombeza tena. Halafu yeye ndiye aliyenibembeleza mimi, na hilo limenikasirisha zaidi. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda kliniki ya macho.

Kwa hiyo futa namba ya kwanza hadi ya saba. Fundi alikuwa sahihi, nami nitakwenda kumwambia hivyo mbele ya wateja wake. Barua hii usiichape. Lakini kama ni lazima uichape, basi ichape upesi, na kwa herufi kubwa kadiri mashine zenu zinavyoweza, maana amesema hii anataka kuisoma mwenyewe.