Mchwa na Mhakiki wa Pili

Siku hiyo kijiweni kwa Shangazi muuza kahawa hakuna aliyezungumzia mpira. Habari ya mjini ilikuwa makala ya Mchwa, iliyorudishwa na jarida.

Mchwa ni mhadhiri wa chuo kikuu. Jina hilo walimbandika hapohapo benchini, kwa sababu kasomea mchwa, anafundisha mchwa, na ukimkaribisha kwako hugonga kwanza miimo ya mlango asikilize kama imeliwa. Alifika uso umemshuka, akaagiza kahawa bila sukari.

Wembe, kinyozi wa kibanda cha jirani, alidhani makala imerudi kwa kukosea anwani. Ikabidi Mchwa aeleze. Ukiandika makala, mhariri huficha jina lako, kisha huipeleka kwa wahakiki wawili, wataalamu wa fani yako. Hawakujui, nawe huwajui. Wao ndio husema ichapishwe, irekebishwe au itupwe. Wa kwanza kaipenda. Wa pili kaichanachana. Na bila makala hiyo uprofesa unampita tena, ilhali mkewe keshawatangazia shemeji wote.

Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, hakuridhika. Mshtakiwa hana jina, hakimu hana jina. Hiyo kesi ni ya nani? Halafu akataka kujua wahakiki wanalipwa kiasi gani.

"Hawalipwi," Mchwa akasema.

Wembe akaacha kupuliza kahawa. "Ndiyo maana wana hasira."

Akaongeza kwamba hata yeye, akinyolea watu bure, tena wamejifunika gunia, masikio yangebaki machache mjini.

Mchwa, pamoja na uchungu wake, akautetea utaratibu. Bila wahakiki kila mwongo angechapisha atakalo. Yeye mwenyewe waliwahi kumwokoa na kosa la aibu la hesabu.

"Kwa hiyo sindano ni nzuri," Shangazi akasema, "ila leo umedungwa wewe."

Mchwa akanuna. Akasema anaiondoa makala, na utafiti basi. Shangazi akamuuliza kama amesoma maoni yote. Ikabainika aliishia mstari wa tatu, palipoandikwa kwamba mwandishi huyu hajawahi kuinama mbele ya kichuguu. Yeye, ambaye magoti yamekwisha kwa kuinama!

Wembe akaichukua simu ya Mchwa, yenye maoni hayo, akaendelea kusoma. Kumbe mengine hayakuwa mabaya: jedwali lirekebishwe, utangulizi upunguzwe. Mwisho mhakiki alimtaka mwandishi akasome kwanza kazi za bingwa wa fani hii, akamtaja kwa majina yake yote matatu.

"Mtafute huyu bwana," Wembe akamshauri kwa upole. "Kuomba msaada si aibu."

Rufaa akaunga mkono: huyo ni shahidi muhimu.

Mchwa akainyakua simu, akalisoma jina mara mbili.

"Ni mimi," akasema.

Benchi zima likamgeukia. Miaka yote wamekunywa naye kahawa, na hakuna aliyejua anaitwa nani. Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, hadi akaiweka birika chini.

Rufaa alitaka mhakiki aumbuliwe palepale. Lakini Mchwa akawakumbusha kwamba majina hayatajwi mpaka mambo yaishe. Akijitaja tu, kaharibu. Hasira ilikuwa imemtoka, na alijikuta akitabasamu peke yake. Mtu aliyemtukana ndiye aliyemwita bingwa, na hapo chuoni hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Akarudi nyumbani, akarekebisha jedwali, akapunguza utangulizi, ambao kwa kweli ulikuwa mrefu. Kesho yake, kabla hajatuma, akawasomea wenzake jibu la hoja ya mwisho: "Nimeketi na bingwa huyo kwa muda mrefu. Ameisoma makala yote na hana pingamizi."

Rufaa akasema hapo hakuna uongo hata chembe.

Makala ikapita. Mhakiki wa pili aliandika kwamba safari hii mkono wa bingwa unaonekana waziwazi, na kwamba ingekuwa utovu wa adabu mwandishi kutomshukuru.

Mchwa akamshukuru.