Mbu wa Kwapa Hawataniaibisha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo tena nimemwambia Nereah, jirani yangu wa kibanda cha dagaa wa omena soko la Busia, kwamba binti yangu Athieno ni daktari. Akauliza kama ni kweli anatibu mbu. Soko zima likacheka! Nikamjibu anasoma vinasaba: mpe mguu wa mbu tu, atakutajia bibi yake na shangazi zake. Huko kijijini kwao Nereah, Masafu, nani anaweza? Nilimzaa usiku, ndiyo maana ni Athieno, na ndiyo maana anaelewana na mbu. Mungu hakosei.

Shida ni hii. Viluwiluwi vya mbu wa Kwapa, kijiji chetu, viko kwenye mabeseni stoo kwangu. Vya Masafu viko kwa Nereah. Vikiota mabawa, Athieno anawajaribu mbu kwa dawa ya kuwaua. Penye mbu sugu, wasiokufa, ndipo mradi wake wa malaria utaweka kituo, na mwanangu atahamia hapo. Nereah ameshapaka chumba rangi. Rangi! Ati anamngoja "daktari wake".

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Mbu wa Kwapa wameguswa na dawa kidogo tu, wote chali. Wa Masafu wameruka kama waliotoka kunywa chai. Athieno anafurahi, ati mbu wanaokufa ni habari njema kwa watoto wa Kwapa. Elimu nyingine! Nereah naye sokoni akasema mbu hufanana na wenyeji wao.

Bado kuna beseni la mwisho. Athieno atalikagua Ijumaa. Nina akili.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi. Mtoto huzoeshwa pilipili kidogo kidogo, sembuse mbu? Nimedondoshea beseni dawa ya wadudu ambayo mume wangu Oketcho hunyunyizia nyanya shambani. Kifuniko kimoja. Labda na kingine.

Mchana. Vimekufa vyote. Hata inzi aliyekuwa anapita.

Jioni. Sijashindwa! Nyuma ya baa ya Okurut kuna mtaro. Viluwiluwi vya pale vinakunywa sabuni na mkojo wa walevi tangu kuzaliwa. Hao ndio wanaume! Nimevichota kwa kichujio cha chai, vinene, vyeusi, nikajaza beseni. Nalala kama malkia.

Ijumaa, 7 Machi

Athieno aliinamia beseni. Akauliza nani ameleta hivi. Nikasema ni vilevile, vimenenepa tu kwa chakula cha nyumbani. Akasema vyake hulala bapa juu ya maji kama kijiti, hivi vinaning'inia vichwa chini. Ni mbu wa mitaroni, ukoo mwingine kabisa, hata malaria hawabebi.

Nikaapa kwa kaburi la mama yangu sijui kitu. Hapohapo Oketcho akaingia na kichujio, akiuliza ni nini hiki kinachezacheza ndani.

Athieno akakaa juu ya gunia la mihogo. Akasema kazi ya msimu mzima ilikuwa beseni lile. Hakunifokea. Afadhali angefoka! Nimemchinjia jogoo, akala paja moja tu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Zawadi yangu? Mtoto kahama.

Amewaeleza wakubwa wake ukweli wote. Wamesema viluwiluwi vya Kwapa vichotwe upya, vipimwe tena, ndipo waamue mambo ya kituo. Ila mabeseni yakae mbali na mimi. Yote yamekwenda kwa Nereah! Na mwenye mabeseni naye. Nereah amekuja kuyapokea na gauni la kanisani, kaniita Mama Daktari. Leo ndiyo nimekuwa Mama Daktari!

Athieno alinikumbatia, akasema ananipenda, lakini mama, usiguse kitu tena. Nikalia. Nikaahidi. Nililia kweli.

Baada ya chakula nimetulia nikawaza. Kumbe kosa langu lilikuwa dogo sana: nilichota ukoo usio wenyewe. Sasa najua, vinavyotakiwa ni vile vya kulala bapa. Na vile sugu vya Masafu vimelala bapa. Na sasa beseni jipya la Kwapa na la Masafu yako chumba kimoja, meza moja, yanagusana! Nereah mwenyewe kanirahisishia.

Kesho baada ya ibada nakwenda kumsalimu mwanangu. Nimemfungia karanga, mayai ya kienyeji, na kichujio kipya.